Mapenzi ya Kwenye Zamu

Sisi vijana tunaojifunza kuandika tuna hadithi moja ambayo karibu kila mtu anayo kwenye daftari lake. Kijana wa miaka 17 anapata kibarua mahali fulani. Pale kazini anamkuta mtu. Anamzimia. Hasemi. Halafu hapo ndipo kalamu zinapoanza kuteleza. Mmoja atawaoza. Mwingine atampa msichana mimba na kumfukuza nyumbani. Wa tatu atamgongesha gari barabarani ili msomaji alie. Kwa nini tunakimbilia miisho hiyo? Naona ni kwa sababu hatuamini kwamba mapenzi ya namna hii, ya kimyakimya na ya upande mmoja, yanatosha kuwa hadithi. Tunayaita utoto, basi tunayafunga haraka kwa harusi au kwa kaburi.

Mimi nabisha. Na ili nisibishe hewani, nitazipitia kazi mbili za wenzetu wa mbali ambazo zimelichukua jambo hili na kulipa heshima yake. Moja ni ya Japani, nyingine ya Marekani. Hoja yangu ni hii: mapenzi ya kijana kwa mtu aliyemkuta kazini yanapata uzito pale mwandishi anapokumbuka kwamba wahusika wake wapo kazini. Kuna saa ya kuingia na saa ya kutoka. Kuna sare. Kuna bosi. Ukiviondoa hivyo, unabaki na barua ya mapenzi, na barua za mapenzi zimeshaandikwa za kutosha.

Nianze na Japani. Mwaka 2014 mchoraji na mwandishi Jun Mayuzuki alianza kutoa hadithi ya picha iitwayo Koi wa Ameagari no Yō ni, ambayo kwa Kiswahili tungeweza kuiita "Mapenzi ni Kama Mvua Ikishakatika". Ilimalizika mwaka 2018 ikiwa na juzuu 10, na mwaka huohuo ilipata tuzo ya Shogakukan, ikatengenezwa katuni ya televisheni na filamu ya waigizaji. Wapo watakaoguna: vikatuni navyo ni fasihi? Jamani, hapa kwetu kina kaka na dada wangapi walijifunza kusoma hadithi kupitia gazeti la Sani kabla hawajashika riwaya yoyote? Tuache dharau. Hadithi ni hadithi, iwe ya maneno matupu au ya maneno na picha.

Mhusika mkuu ni Akira Tachibana, msichana wa sekondari mwenye miaka 17. Alikuwa mkimbiaji hodari wa mbio fupi mpaka alipoumia kano ya kisigino. Amefanyiwa upasuaji, ameacha kuhudhuria mazoezi, na sasa baada ya masomo anafanya kazi ya saa chache katika mgahawa uitwao Garden. Meneja wa mgahawa ni Masami Kondo. Ana miaka 45, ametalikiana na mkewe, ana mtoto mdogo wa kiume. Ana kibaraza cha upara kama sarafu. Anapiga chafya kwa kelele. Anawaomba wateja radhi mpaka wafanyakazi wenzake wanamdharau na kumsema jikoni. Na huyo, msomaji, ndiye Akira aliyemzimia.

Mwenzangu mmoja aliponisikia nikieleza hadithi hii aliuliza, "Kwani ameona nini kwa mzee huyo?" Hilo ndilo swali zuri la kuanzia uhakiki, maana Mayuzuki analijibu kwa kitendo kidogo sana. Siku ya mvua, baada ya kuumia, Akira aliingia kwenye mgahawa ule akiwa mteja, akaketi dirishani amenyong'onyea. Meneja akamletea kahawa ambayo hakuiagiza, bila malipo. Akamfanyia mchezo mdogo wa kiinimacho, kikopo cha maziwa ya kahawa kikatokea kiganjani mwake. Akamwambia mvua itakatika. Basi. Hakumsifia uzuri wake, hakumuuliza jina. Alifanya kazi yake, ila aliifanya kwa upole kuliko alivyolipwa kuifanya.

Hapo nataka tusimame kidogo. Ukitazama hadithi zetu nyingi, mapenzi huanzia machoni: macho kama ya gololi, mwendo wa twiga, na kadhalika. Hapa yanaanzia kwenye huduma. Kijana ambaye dunia yake imesimama ameona mtu mzima akimjali bila kudai kitu. Sisi tuliowahi kusimama nyuma ya kaunta yoyote tunajua jambo hili lilivyo kweli. Kazini unamwona mtu namna ambayo nyumbani kwake hawamwoni. Unajua anavyoshika kitambaa cha kufutia meza, anavyomjibu mteja mkorofi, anavyohesabu chenji akiwa amechoka. Mapenzi ya kazini yamejengwa kwa vitu vidogo vidogo hivyo.

Mayuzuki anaujua mgahawa wake. Akira ana uso mkavu, hacheki ovyo, na macho yake ni makali. Meneja Kondo anayaona macho hayo na kuamini kwamba msichana huyu anamchukia. Kwa hiyo tuna watu wawili wanaopishana kila siku kati ya jikoni na meza, mmoja anapenda na mwingine anadhani anachukiwa. Anapojitutumua mara ya kwanza na kusema kwamba anampenda, meneja anafurahi kweli, lakini kwa sababu nyingine kabisa: anashukuru kwamba kumbe hachukiwi! Inabidi msichana aseme tena, mvuani, ndipo mzee aelewe. Ni kichekesho, ila ni kichekesho chenye akili, kwa sababu kimetoka ndani ya kazi yenyewe. Meneja aliyezoea kulalamikiwa kutwa nzima hawezi kusikia neno "nakupenda" vizuri.

Tena si wao tu. Katika mgahawa huohuo kuna Yoshizawa, kijana anayesoma na Akira, naye anamtazama Akira. Kuna Yui, mhudumu mwingine, naye anamtazama Yoshizawa. Yui anataka kuwa msusi, na anajifunza kukata nywele kwa kichwa cha huyohuyo Yoshizawa. Hebu fikiria: msichana amesimama nyuma ya mtu anayempenda, mkasi mkononi, anatakiwa asitetemeke. Mwandishi asingehitaji kurasa tatu za "moyo ulimwenda mbio". Mkasi umesema kila kitu.

Sasa nije kwenye jambo zito, ambalo mhakiki hawezi kulikwepa. Msichana ana miaka 17, mwanaume 45, na zaidi ya hapo ni bosi wake. Kila mahali penye kazi, meneja ndiye anayepanga zamu, anayeajiri na anayefukuza. Hadithi hii ilichapwa katika majarida ya Big Comic Spirits, ambayo wasomaji wake wakuu ni wanaume watu wazima. Basi hatari iko wazi: isije ikawa ni ndoto ya mzee tu, iliyovalishwa sare ya shule. Na kusema kweli, sehemu za mwanzo zinaikaribia hatari hiyo. Kalamu ya mchoraji inakaa kwenye miguu ya Akira muda mrefu kuliko hadithi inavyohitaji. Wapo watakaojibu kwamba miguu ni lazima kwa sababu ni mkimbiaji. Nakubali nusu. Kovu la kisigino ni la lazima. Mengine ni kumpendezesha mnunuzi wa jarida.

Kuna pia siku ya kimbunga ambapo Akira anakwenda mpaka kwa Kondo, na Kondo anamkumbatia. Nimebishana na wenzangu kuhusu ukurasa huo. Mmoja alisema hapo kazi nzima imeharibika. Mimi nasema hapo mwandishi ametuonyesha kwamba mzee naye si malaika, anaweza kuyumba, na ndiyo maana kukataa kwake kuna maana. Mtu asiyevutwa na kitu hana cha kukataa. Kondo anavutwa, lakini anatambua kwamba kinachomvuta ni ujana wake mwenyewe uliopotea, ambao anauona umesimama mbele yake umevaa sare ya mgahawa. Huyo si wa kumchukua. Kumchukua kungekuwa wizi.

Neno "wizi" sikulileta kwa bahati. Ndani ya hadithi Akira anahangaika na somo la fasihi, na kazi anayotakiwa kuielewa ni "Rashomon", hadithi fupi ya Ryunosuke Akutagawa ya mwaka 1915. Kondo ndiye anayemsaidia. Wasioijua: mtumishi aliyefukuzwa kazi anajikinga mvua chini ya lango la mji wa Kyoto, hajui kama afe njaa au awe mwizi. Juu ya lango anamkuta ajuza akinyofoa nywele za maiti ili atengeneze nywele za bandia. Mwishowe mtumishi anamvua ajuza nguo zake na kutokomea gizani. Mvua, mtu aliyekosa pa kwenda, na uamuzi wa kuchukua au kutochukua. Mayuzuki ameiweka hadithi hiyo katikati ya yake makusudi. Akira na Kondo nao wanajikinga mvua, mmoja kwa kuumia mguu, mwingine kwa kushindwa maisha. Mgahawa ndio lango lao. Kwa Akutagawa, mtumishi anachukua. Kwa Mayuzuki, meneja hachukui. Huo ndio mgogoro wa hadithi, na ndiyo dhamira yake, kwa lugha ya darasani.

Na kushindwa kwa Kondo ni kwa namna gani? Hapa ndipo sisi tunaotaka kuandika tunapoguswa kwenye kidonda. Kondo alitaka kuwa mwandishi. Chuoni alikuwa na rafiki, Chihiro Kujo, ambaye sasa ni mtunzi mwenye jina. Kondo amebaki na vitabu na karatasi chumbani na mgahawa wa kusimamia. Wafanyakazi wake hawajui. Akira anakuja kujua kwa sababu anauliza. Kitu kimoja ambacho mapenzi ya ujana hufanya vizuri kuliko mapenzi mengine ni kuuliza: unapenda nini, ulikuwa nani zamani, kwa nini uliacha. Mtu mzima hajaulizwa maswali hayo miaka mingi.

Asije mtu akanielewa vibaya kwamba msichana ameletwa pale awe dawa ya mwandishi aliyekwama. Ingekuwa hivyo ningeitupa hadithi hii. Kinachoiokoa ni kwamba Akira ana kazi yake mwenyewe isiyohusiana na mzee huyu: mbio. Ana rafiki yake wa mazoezi, Haruka, ambaye wameanza kuachana tangu aumie, na ana mguu ambao umepona kabla moyo haujakubali kwamba umepona. Mwishoni anarudi uwanjani. Kondo anarudi kwenye karatasi zake. Hawawi wapenzi. Kuna wasomaji waliokasirika, walitaka wawili hao wawe pamoja. Mimi nauona huo kuwa mwisho wa haki. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeolewa, na bado maisha ya watu wawili yamegeuka.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1961 jarida la The New Yorker lilichapa hadithi fupi ya John Updike iitwayo "A&P", ambalo ni jina la supamaketi. Msimulizi ni Sammy, miaka 19, mtoza pesa kwenye kaunta. Wasichana watatu wanaingia dukani wakiwa na nguo za kuogelea tu. Mmoja wao Sammy anambatiza jina la malkia moyoni mwake. Hapa anayependwa ni mteja na si mfanyakazi mwenzake, najua, lakini nimeileta kwa sababu inaonyesha upande wa pili wa sarafu: mapenzi ya dakika chache, na gharama yake.

Angalia jinsi Updike asivyosahau kazi hata sekunde moja. Sammy anamtazama msichana huku akihesabu bidhaa za mama mmoja mkali, anakosea, anafokewa. Malkia ananunua kichupa cha samaki cha senti 49. Noti anayolipia Sammy anaikunjua taratibu mno, kama kitu cha heshima. Mashine inalia. Kisha anatokea meneja, Lengel, anawaaibisha wasichana mbele ya watu kwa mavazi yao. Na Sammy, papo hapo, anasema anaacha kazi. Anasema haraka ili wasichana wasikie. Hawasikii, au wamesikia na hawajali. Wanaondoka.

Kijana anavua eproni yenye jina lake, anaikunja, anaweka tai juu yake. Anatoka na shati jeupe ambalo mama yake alilipiga pasi jana yake usiku. Nje hakuna msichana. Anageuka anamwona meneja amechukua nafasi yake kwenye kaunta, na anaelewa kwamba kuanzia leo dunia haitamwonea huruma. Hilo shati la mama ndilo lililonimaliza. Updike hakusema familia ya Sammy inahitaji mshahara ule. Meneja anataja wazazi mara moja tu, kisha kuna shati. Tumeelewa. Huyu kijana amelipa mapenzi ya dakika tano kwa kibarua chake, na ankara itafika nyumbani.

Ukiziweka hadithi hizi mbili mezani pamoja, unaona jambo ambalo moja peke yake halikuonyeshi. Kwa Updike meneja ni ukuta, kwa Mayuzuki meneja ndiye anayependwa. Lakini kote kuwili mamlaka yapo kaunta ileile, na kijana hapendi mahali pa bure. Anapenda mahali ambapo kuna mtu anaweza kumwambia "nenda nyumbani". Ndiyo maana hisia zake, ambazo wakubwa wanazicheka, zina hatari ya kweli ndani yake.

Na sisi je? Mzigo wetu una historia. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilituonyesha msichana anayepigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na jinsi malezi ya kufungiwa yalivyomfikisha kwenye maangamizi. Kezilahabi alikuwa na hoja nzito: alikuwa anaishtaki nyumba na jamii. Lakini wengi waliomfuata, na hasa sisi wa madaftari, tulichukua maangamizi tukaacha mashtaka. Tukabaki na kanuni: msichana akipenda, aadhibiwe. Akimpenda bosi, aadhibiwe mara mbili, na bosi aendelee kuendesha gari lake. Eti huo ndio ujumbe. Huo si ujumbe, ni uvivu.

Wala tusiseme hatuna mandhari. Kibarua cha mtoto wa shule kama cha Akira si jambo la kawaida hapa, ni kweli. Lakini tunayo ile miezi ya kungoja matokeo ya kidato cha nne. Mimi niliyeishia hapo naijua vizuri. Kijana anauza duka la mjomba. Anakaa steshenari anatoa fotokopi za vyeti vya watu wengine. Anabeba sahani kwa mama lishe, analipwa kwa siku au halipwi kabisa eti kwa sababu ni ndugu. Hajawa mtu mzima, shule imemtoa, kesho yake iko ndani ya bahasha ambayo haijafunguliwa. Kuna lango gani la kujikinga mvua kuliko hilo? Na hapo ndipo anapomkuta yule dada anayejua kurekebisha mashine ikikwama karatasi, au yule kaka anayemwachia soda ya pili bila kumwandika kwenye daftari la madeni. Hadithi ipo. Haijaandikwa kwa sababu tunaingoja ijitokeze na harusi mkononi.

Sitoi amri, mimi mwenyewe bado napigania ukurasa wa mia moja wa riwaya yangu. Ila baada ya kuzisoma kazi hizi nimejiwekea masharti matatu, nayagawa kwa anayeyataka. Kwanza, mhusika wako awe na kitu cha kufanya kwa mikono wakati anapenda. Pili, tujue nani anamlipa nani, na nani anaweza kumfukuza nani. Tatu, anayependa awe na jambo lake jingine maishani, kama mbio za Akira, ili mapenzi yakipita asibaki ganda.

Ukiandika yako, usinieleze moyo ulivyodunda. Nieleze zamu iliisha saa ngapi, nani alibaki kufunga mlango, na nani alirudi akisingizia amesahau mwavuli. Anayebisha na abishe kwa maandishi. Kurasa zipo.